Punje Tisa za Kujazia Mapengo

Papa Shabani tulimzika Jumanne, na Jumamosi iliyofuata binti yake Aziza akanipigia simu niende kwake Saint-Josse, hapa Brussels, kuchukua kitu changu. Nilikwenda nikidhani ni sufuria. Siku za matanga nilipeleka sufuria mbili kubwa za pilau, na sufuria zetu huku zina tabia ya kurudi baada ya wiki nzima zikiwa na vifuniko vya watu wengine. Aziza hakunipa sufuria. Alinipa kichupa cha plastiki cha dawa, kimefungwa kwa utepe wa gundi, na juu ya utepe, kwa mwandiko wa baba yake ulioinamia upande, pameandikwa: Mwajuma, neno yake. "Ilikuwaka kwa droo yake, pamoja na makaratasi yake ya muhimu," Aziza akasema. "Hatukufungua. Ni nini, tantine?" Nikakitikisa. Kitu kikavu kikagonga ndani, kidogo, zaidi ya kimoja. Nikamwambia sijui. Lakini nilijua ni mahindi. Sauti ya punje kavu ndani ya chombo nililala nayo miezi mingi nilipokuwa msichana, na pale mlangoni kwa Aziza, mimi mama wa watoto watatu, nikakitumbukiza mkobani haraka, nikaaga.

Nilikiweka nyuma ya kopo la chumvi jikoni kwangu na sikukifungua siku tatu. Watu wanaonijua watacheka wakisikia. Mimi ndiye ninayegombana na wakaguzi wa tramu, ninayewasindikiza wanawake wa kwetu kwenye ofisi za komuni, serikali ya mtaa, wasipojua waseme nini. Lakini kuna hofu moja niliyoipata nikiwa na miaka ishirini na miwili, na hiyo haikukua pamoja nami. Imebaki na umri wake uleule, na ikiniita naitika kama msichana.

Mwaka ule nilikuwa naishi Ixelles, upande mwingine wa mji, kwa mama mzee aliyeitwa Madame Ruth. Kazi nilitafutiwa na mama yangu mdogo, Tantine Zaituni, ambaye alikuwa amempikia na kumfulia kabla ya mgongo wake kumkatalia. Nilimwogesha Madame, nikampikia, nikamshika mkono kwenye ngazi, kwa sababu macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli tu. Nilipewa chumba cha nyuma chenye dirisha la kutazama ua. Kilikuwa chumba chenye baridi kuliko vyote katika nyumba ile, na ndiyo maana juu ya kabati langu palikaa mtungi wa kioo. Madame alinionya siku ya kwanza: vingine vyote naweza kuvisogeza nikifagia, huo hapana. Ndani mlikuwa na punje za mahindi meupe, butu, pana, si za kung'aa kama yale ya dukani. Kila tramu ilipopita barabarani chumba kilitikisika kidogo, na punje zikagonga kioo.

Madame Ruth alikuwa Mcheroki, wa watu wale wa asili wa Marekani, kutoka Oklahoma. Mume Mbelgiji alimleta Brussels akiwa kijana, akamwacha mjane. Tulizungumza Kifaransa, yeye na chake cha Kimarekani, mimi na changu cha Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ndiye anayekosea. Mahindi yale yalikuwa ya mama yake, na ya mama wa mama yake, mahindi ya unga ambayo wanawake wa kwao walikuwa wakirithishana. Yeye aliondoka nayo mfukoni siku ya harusi. Waliobaki nyumbani walikuwa na mbegu yao, lakini mafuriko yaliingia ghalani, kisha waliojua kuilima wakafariki mmoja baada ya mwingine, na sasa mtungi wangu wa chumbani ndio uliokuwa umebaki. Punje zenyewe zilishazeeka. Mjukuu wa dada yake, Denise, angekuja Oktoba kuchukua mbegu mpya azirudishe kwao. "Nina punje arobaini na nane, Mwajuma," Madame aliniambia tukimenya viazi. "Mwakani hazitaota tena, na mimi sijui kama nitakuwepo. Tukiharibu mwaka huu, mahindi ya mama yangu yamekufia Ubelgiji." Alisema kwa utulivu kabisa, akaniomba chumvi.

Shamba lenyewe lilikuwa kipande kidogo katika bustani za kukodi kando ya reli, ambako treni za kwenda kituo cha Midi zilipita karibu sana hata abiria waliweza kukuhesabia vitunguu. Jirani yetu wa ubavuni alikuwa Papa Shabani wa Uvira, fundi wa magari, mpana, mwenye kofia ya sufu hata Julai. Alilima lengalenga, yaani mchicha, na matembele, na kila mwaka alilima mahindi, aliyoyachoma Jumapili kwenye jiko la mkaa huku nusu ya bustani ikimzunguka. Mwezi wa nne Madame alinishika mkono tukamwendea. Alimweleza kwa Kifaransa kwamba mwaka huu anamwomba asipande mahindi, na kwamba amewaomba hivyo hivyo wote wenye vipande pale. Sababu nadhani aliitaja, lakini mimi nilikuwa natazama treni. Papa Shabani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi, alalamike kwa lugha ambayo mama yule haijui. "Huyu maman anataka nikule nini Jumapili? Karoti?" Akavua kofia, akaivaa tena. "Bon. Umwambie ni sawa. Lakini mwaka mumoja tu, hein. Mumoja." Na alitimiza. Zaidi ya hapo, Mreno mmoja wa kipande cha mbele alipotaka kukaidi, Papa Shabani ndiye aliyemwendea.

Tulipanda mwezi wa tano, majani ya mwaloni yalipofikia ukubwa wa sikio la kindi, maana hiyo ndiyo kalenda ya kwao. Madame hakutaka mistari. Nilimtengenezea vilima vinane vya udongo, na kila kilima akapiga magoti akatia punje sita, akizisemesha moja moja kwa lugha yake, polepole. Niliogopa. Nilidhani ni uganga, nikasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo nikiwa nimeshika ndoo ya maji. Alipomaliza nikamuuliza alikuwa anaziambia nini, akasema anazitajia majina ya wanawake waliozilima kabla yake, ili zisije zikajiona ziko ugenini. Nikaona aibu kidogo. Lakini na punje zetu za Bujumbura, nikajiuliza, nani amewahi kuzitajia jina la bibi yangu?

Ziliota vizuri. Halafu kunguru wakaja. Siku moja Madame alikuwa kwa daktari wa macho na nilikwenda bustanini peke yangu, nikakuta mashimo tisa matupu, miche imeng'olewa na kutupwa kando imenyauka. Sasa mtu wa kwetu anielewe. Bibi yangu, aliyenilea misimu ya likizo kule vilimani, alikuwa hawezi kupita penye pengo shambani bila kuinama. Mbegu isipoota, unajazia. Unajazia kwa uliyo nayo mkononi, na mwanamke mwenye mapengo shambani husemwa mpaka kisimani. Jioni nilipita kwa Tantine kule Saint-Josse, nikachota kiganja cha mahindi ya njano kwenye debe lake, aliyoletewa na msafiri kutoka Bujumbura, nikayaloweka. Kesho yake nikapanda punje tisa katika mapengo tisa, nikasawazisha udongo, nikarudi nyumbani nimefurahi. Sikumwambia Madame. Si kwamba nilificha. Nani humwambia mwenye nyumba kwamba amefagia?

Wiki nne baadaye mama mmoja wa kamati ya bustani alikuja kunywa kahawa. Nilikuwa kwenye sinki nawapa mgongo, nakata vitunguu. Yule mama aliuliza, kwa adabu, kwa nini watu wazima kumi na mmoja wamekatazwa kupanda mahindi kwa ajili ya kipande kimoja. Madame akamwambia mahindi si kama maharagwe. Mahindi huozeshwa na upepo, dume kwa jike. Vumbi la ua la juu, ile mbelewele, hupeperuka, likatua kwenye ndevu za hindi la jirani, na kila unywele una punje yake. "Shina moja la njano likiwa karibu," akasema, "mbegu ya mama yangu si ya mama yangu tena. Ndiyo maana nimewasumbua wote." Kisu kikanikata kidole. Sikupiga kelele. Nilisimama natazama damu inaingia kwenye vitunguu, kisha nikavimwaga, nikaanza kukata vingine. Kwetu hindi la rangi mbili ni furaha ya watoto. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni msiba.

Tantine nilipomweleza alishika kichwa. "Wallahi weye mutoto! Unyamaze kabisa. Nenda uyang'oe, basi, kwishaa." Ilionekana rahisi. Nilikwenda asubuhi kukiwa bado na umande, nikasimama mbele ya vilima vinane, na mimea yote ilikuwa imenifika magotini, kijani kimoja. Nilijaribu kukumbuka. Hapa nilipiga goti, hapa niliweka ndoo. Nilichagua shina moja ambalo nilikuwa na hakika nalo kabisa, nikalivuta. Kwenye mizizi lilikuwa bado limeshika ganda la punje lililolipa uhai, limesinyaa, tupu. Lilikuwa jeupe. Nililirudisha ardhini, nikalishindilia udongo kwa mikono miwili, nikalimwagia maji, nikaliomba radhi kwa sauti. Saa sita mchana lilikuwa limelala. Baada ya hapo sikuthubutu kugusa jingine. Nikiling'oa naua mbegu ya Madame, nikiliacha naua mbegu ya Madame, na treni zilipita, watu wakitutazama kupitia vioo.

Nilianza kuogopa vitu ambavyo havikuwa na kosa. Niliogopa upepo. Asubuhi nilifungua dirisha la chumba changu kutazama kama miti ya uani inatikisika. Niliogopa mtungi juu ya kabati, ingawa ulikuwa mtupu, kwa sababu sasa ulikuwa unasubiri. Niliogopa zaidi upole wa Madame, maana mwezi ule alianza kunifundisha mapishi ya kwao. Tulichemsha mahindi ya dukani kwenye maji ya majivu mpaka maganda yakabanduka, tukasaga, tukachanganya na maharagwe, tukafunga kwenye majani ya mahindi na kutokosa. Nikamwambia hata sisi bibi zetu walitumia majivu jikoni. Alifurahi mno, akanipapasa uso kwa vidole vyake vyenye unga ili aone kama nami nimefurahi. "Una mkono mzuri," akasema. "Nimepata mtu wa kumwachia kazi." Nilikula vipande viwili, nikainuka kuosha sufuria.

Papa Shabani hakuhitaji kuambiwa. Mwishoni mwa Julai alikuwa amesimama kwenye mpaka wetu, mikono nyuma, akitazama shina moja moja. Kisha akasema, "Mwajuma. Hapa kuko mahindi ya namna mbili." Nikasema ni ya Madame yote. "Unanidanganya mimi? Angalia muguu ya hii. Iko nyekundu. Ya maman iko kijani mupaka chini. Hii ni ya kwetu." Nikalia palepale, nikamweleza yote, kunguru, debe la Tantine, shina nililoliua. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Sijawahi kuona mtu mzima amekasirika kwa sauti ndogo vile. "Mimi niliacha mahindi yangu juu ya huyu maman. Watu wote hapa waliacha. Na aliyepanda ni weye, mutoto wa nyumba yake." Alipanda kwenye kilima cha kwanza, akainama, akaanza kupapasa miguu ya mimea kwa kidole gumba. Kila alipokuta wekundu alitoa kisu chake cha mfukoni akakata chini kabisa. Alikata mashina manane. Mbelewele zilikuwa ndiyo zinachungulia. "Ulisema ngapi?" "Tisa, papa." Alizunguka tena vilima vyote, na mara ya tatu. Ya tisa hakuiona. "Pengine haikuota," akasema, lakini hakusema kama anayeamini. "Alors. Utamwambia?" Nikasema nitamwambia. "Lini?" "Kesho, papa."

Kesho hiyo haikufika. Madame nilimwambia kunguru wamepunguza mashina, na akapumua tu. Agosti ndevu zilitoka, nyeupe kisha za kahawia, na vumbi la mbelewele likaning'inia hewani siku za jua kama unga jikoni. Nilitembea katikati ya mimea nikipapasa miguu yao, na kila mguu niliuona mwekundu, kisha ukarudi kuwa kijani. Mahindi yana ubaya huo, kosa lake linafungwa ndani ya maganda na unalimwagilia maji mpaka siku ya kufungua. Papa Shabani kila aliponiona aliuliza swali moja: "Mwajuma, hauna neno ya kumwambia maman?" Nami nikasema bado.

Denise alifika Oktoba na sanduku dogo, msichana mrefu mwenye miwani, karani wa ofisi, ambaye hakuwahi kulima hata kitunguu. Siku ya pili tulikaa meza ya jikoni, Madame katikati, Denise kulia, mimi kushoto, na Papa Shabani ambaye Madame alimwalika kwa shukrani, amevaa koti na amevua kofia. Katikati lilikuwa rundo la mahindi makavu ndani ya maganda. Madame aliyavua yeye mwenyewe kwa vidole, moja moja. Kwa kuwa hakuona, kila alipomaliza alinisukumia mimi. "Rangi?" Nikasema, "Nyeupe, Madame." Analipapasa, anampa Denise. "Rangi?" "Nyeupe." Na yalikuwa meupe kweli, ishirini, thelathini, nikaanza kupumua hadi chini ya mbavu, nikaanza hata kutabasamu. Lilibaki moja. Alilivua, akalisukuma. Katikati ya safu za punje nyeupe mlikuwa na punje tatu za njano, mbili zimeshikana na moja mbali kidogo. Basi shina la tisa liliota, halikuzaa hindi, lakini vumbi lake lilifika.

"Rangi?" akauliza Madame.

Denise alikuwa anafunga mengine kwenye karatasi. Nilimwona Papa Shabani ameninyanyulia macho. Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Niliona uso wa Madame umeinuliwa kwangu, macho yamepauka, umejaa furaha, na nikaona uso huo utakavyokuwa nikisema lile neno, na mkono wake utakavyojiondoa. "Nyeupe, Madame," nikasema. Nikainamisha kichwa nikatazama vigae vya sakafu. Nikamsikia Papa Shabani anasema kwa Kifaransa aonyeshwe na yeye, mkulima mwenzao. Alilishika hindi lile muda mrefu, akiligeuza kwenye mikono yake minene. "Mahindi muzuri," akasema mwishoni. Sikuinua kichwa mpaka niliposikia sanduku linafungwa. Niliamini macho yake yamezeeka, au ameamua kunihurumia, na vyote viwili vilinitia aibu.

Madame alifariki kabla ya majira ya baridi kwisha, kitandani, na mtungi umejaa tena juu ya kabati langu, maana nusu ya mbegu alitaka ibaki Brussels. Papa Shabani ndiye aliyeichukua kuilima. Denise alijifunza kulima. Kila mwaka hutuma picha ya mavuno yao, mama zake wadogo wamekaa barazani, mahindi yamesukwa kwa maganda na kutundikwa, na kila mwaka nimeikuza picha ile kwenye simu nikitafuta njano. Nilimtazama kila aliyemo pichani kama mtu niliyemtilia kitu kwenye chakula. Mara mbili alinialika. Mara mbili nilisingizia kazi. Na Papa Shabani, kwenye Idi, kwenye harusi, sokoni Midi siku za Jumapili, hakuacha kuniuliza, tena kwa upole kadiri alivyozeeka: "Mwajuma, hauna neno ya kuniambia?" Nami nikacheka, nikasema, "Neno gani, papa? Habari ni nzuri tu." Akaitikia kwa kichwa, akaniulizia watoto.

Siku ya nne nilikata utepe kwa kisu cha mboga. Nilimimina kichupa juu ya meza. Zilitoka punje tatu za njano, zimepauka, kavu, na kwenye kila moja, ubavuni, alama ya ukucha. Nilizitazama nisielewe, kisha nikaelewa yote mara moja, mikono minene inayogeuza hindi, muda ule mrefu, mimi natazama vigae. Alizing'oa kwa ukucha mbele yetu watatu. Punje ya njano ndiyo iliyoguswa na vumbi lile, na punje hazifichi, iliyobaki nyeupe ni nyeupe. Hakuna kitu chochote cha njano kilichokwenda Oklahoma. Miaka yote hii nimeogopa picha safi. Na yeye alikuwa na dawa yangu kwenye droo, alichotaka ni mimi niseme tu, niseme neno moja, anipe. Nililia kwa hasira kwanza. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, kisha nikajikasirikia mwenyewe, na hiyo ya pili haijaisha.

Binti yangu Saida alinikuta hivyo, bado na koti lake la kazini. "Maman, kuna nini? C'est quoi, ces graines, mbegu gani hizi?" Nikamwambia akae. Yeye ndiye hunisomea barua za Denise, kwa kuwa Kiingereza anakijua na mimi sikijui. Nikamwambia atoe simu.

"Mwandikie Denise."

"Nimwambie nini? Kwamba Papa Shabani amefariki?"

"Hilo pia. Lakini anza na la zamani." Mikono nikaiweka chini ya meza, halafu nikaitoa nikaiweka juu, karibu na punje. "Mwandikie kwamba siku ile jikoni, hindi la mwisho, bibi yake aliniuliza rangi. Nilisema nyeupe. Andika haikuwa nyeupe."